Meza ya Mwalimu, Ijumaa Asubuhi

Mwalimu hakuwa mtu wa kumkemea mgeni mezani. Ukikosea, aliweka uma wake chini, akajifuta midomo isiyokuwa na kitu, kisha akakutazama mpaka ujione mwenyewe. Nimemwona akimfanyia hivyo mkurugenzi mzima wa wizara, mtu mwenye dereva wake na kitambi chake, aliyekuwa amechovya mkate ndani ya kiini cha yai. Mkate ule ulibaki hewani, si sahanini si mdomoni, mpaka mkurugenzi akauliza kama chai ipo bado. Ijumaa iliyofuata alikuja tena. Watu walikuwa wakirudi kwa Mwalimu jinsi ulimi unavyorudi kwenye jino bovu.

Namwita Mwalimu kwa sababu sikumbuki mtu aliyemwita jina jingine. Aliowafundisha walimwita hivyo, na asiowafundisha pia, na muuza duka wa pembeni, na marehemu mumewe mwenyewe, ambaye alikuwa akigonga mlango wa chumba chao na kuuliza, "Mwalimu, naweza kuingia?" Alifundisha Kiingereza katika skuli za wasichana hapa Maskati kwa miaka mingi sana, na alikuwa na nyumba Azaiba, njia mbili kutoka ufukweni, tangu zama ambazo Azaiba ilikuwa na mchanga mwingi kuliko maduka. Sisi tulikaa nyuma yake. Ukuta wetu wa jikoni na wake ulikuwa mmoja, kwa hiyo kila kilichopikwa kwake tulikijua, na kila kilichopikwa kwetu alikijua.

Na tofauti ilikuwa kubwa. Ijumaa asubuhi nyumba zote za watu waliotoka Unguja zilinukia mbaazi za nazi, vitumbua na chai ya maziwa yenye hiliki. Nyumba ya Mwalimu ilinukia siagi. Humo ndani mlikuwa mkipikwa staftahi ya Kizungu: yai la kukaanga ambalo kiini chake kinatikisika, soseji za ng'ombe, nusu ya tungule, yaani nyanya, iliyobabuliwa juu ya chuma, uyoga, maharage ya kopo, na kipande cha mkate kilichokaangwa mpaka kikalia ukikigusa. Pale ambapo Waingereza huweka nyama ya nguruwe, Mwalimu aliweka vipande vya nyama ya ng'ombe iliyotiwa moshi, vigumu kama soli ya kiatu, na sote tulivisifu. Mkate wa kuchoma ulisimamishwa kwenye kitu cha waya kilichotengenezwa kwa kazi hiyo tu. Mamaledi, ile jamu ya machungwa, ilikuwa kwenye bakuli la kioo na kijiko chake, na ole wako uingize kijiko kingine.

Alikuwa na sheria zake, na alizisema kana kwamba ziliandikwa mahali. Maharage hayafukuzwi: ukishindwa kuyakamata, yaache. Mkate hauchovywi. Chai hutiwa kabla ya maziwa, si baada. Anayeongea huku ana kitu mdomoni hana analosema. Na moja aliipenda kuliko zote, akatuambia sisi wasichana wake mara kwa mara: "Nionesheni mtu anavyokula yai, nikwambieni ataajiriwa wapi." Tulicheka, lakini tuliamini. Baadhi yetu tuliajiriwa kweli, na mpaka leo nikifika mbele ya yai la kukaanga mgongo wangu unanyooka wenyewe.

Kulikuwa na jambo moja pale mezani ambalo sijaliona kwingine kokote. Waingereza hushika kisu kwa mkono wa kulia na uma kwa wa kushoto, na huo wa kushoto ndio unaopeleka chakula mdomoni. Sisi mkono wa kushoto una kazi zake, na kula si mojawapo. Wapo waliotaka Mwalimu achague: ama Uzungu, ama dini. Mwalimu hakuchagua. Akatunga njia yake. Kwanza unakata kila kitu kilichomo sahanini, kisu kulia, uma kushoto, kimyakimya, bila kukwaruza. Ukimaliza unalaza kisu, unahamisha uma mkono wa kulia, unasema bismillahi, ndipo unakula. Aliiita kuhama. "Haya, hameni," alikuwa akisema, na meza nzima ikahamisha uma kwa pamoja, wakurugenzi, madaktari na watoto wa skuli. Siku moja alikuja mgeni Mwingereza wa kweli, akatuangalia tukihama, akauliza kwa adabu kama tulifundishwa na Wamarekani, maana nao hukata kwanza kisha wakahamisha uma. Hakualikwa tena.

Kualikwa ndiko kulikokuwa na uzito. Meza ilikuwa ndefu lakini si ya kila mtu. Walikaa pale waliotoka Unguja na vyeti: waliosoma Uingereza au Misri, wenye nafasi wizarani, benki, mafuta, na wake zao waliokuja na mikoba inayofungwa kwa mlio. Mwisho wa meza tulikaa wasichana wawili watatu ambao Mwalimu aliona tuna akili. Mimi nilialikwa nikiwa na miaka kumi na minne, na niliendelea kualikwa mpaka nikawa mtu mzima mwenye kazi yangu. Wazazi wangu hawakualikwa hata mara moja.

Baba alikuwa dereva wa lori bandarini Mutrah, enzi za makontena, kabla Bandari ya Sultan Qaboos haijawa ya meli za watalii. Mama alipika vitumbua na sambusa nyumbani na kuuza. Walitoka Unguja mtaa uleule aliotoka Mwalimu, wakamjua tangu anavaa marinda. Ukuta wa jikoni ulikuwa mmoja. Lakini kutoka mlango wetu mpaka meza ile palikuwa mbali, na mimi nilipita kila Ijumaa nikiwa na gauni lililopigwa pasi na Mama, nikamwacha yeye mlangoni. Nilitaka kitu kimoja tu kwa Mwalimu, zaidi ya Kiingereza na zaidi ya cheti. Nilitaka amwite mama yangu akae pale. Nilitaka hivyo kwa miaka, mpaka ikawa kama maumivu ya goti, unayasahau mchana na kuyakumbuka ukiinama.

Nilipata ujasiri siku moja, nikamuuliza. "Mwalimu, mbona Mama humwiti?"

Alikuwa akipanga vikombe. "Mama yako Ijumaa ana shughuli zake, mwanangu. Sitaki kumtaabisha."

Nikampelekea Mama jibu hilo. Mama alikuwa anageuza vitumbua. "Kweli," akasema, "nna shughuli." Akageuza vilivyobaki bila kuniangalia. Kisha akauliza, "Leo alianza na nini? Yai au tungule?"

Mama alikuwa hivyo. Alisema hana haja na maharage ya kopo, watu wazima hawali kitu kilichofungiwa, tena tumbo lake halitaki siagi. Lakini nikirudi hakuniacha nivue hata viatu. Nani alikaa wapi, kitambaa kiliwekwa pajani au shingoni, soseji hukatwa nyembamba au nene, mke wa daktari alihama lini. Mimi nilieleza kwa mikono, nikionesha hewani. Baba akiwepo alisikiliza kwa nyuma ya gazeti, na gazeti halikugeuzwa ukurasa.

Msifikiri Mwalimu hakula chakula chetu. Kila Alhamisi alasiri alinituma, au nilikwenda mwenyewe bila kutumwa, nikapita mlango wake wa nyuma na vitumbua vya Mama kwenye sahani iliyofunikwa. Alivila hapohapo, amesimama karibu na friji, kwa mkono, mafuta yakimshuka kwenye kifundo, na akilamba vidole. Mwanamke aliyesimamisha mkate wa mkurugenzi hewani. "Hakuna anayejua kitumbua kama mama yako hapa Maskati nzima," alisema. "Nipe na kile kilichoungua pembeni." Kisha alinawa, akakausha mikono, akanirudishia sahani ikiwa imeoshwa na ndani yake ameweka kitu, tende au kipande cha keki, maana sahani ya jirani hairudi tupu. Na ungemwambia ampe kitumbua mgeni wa Ijumaa angekuona umepandwa na homa.

Nilimwona ana kiburi, na alikuwa nacho. Ilinichukua muda kuelewa kilikotoka. Waliofika hapa kutoka Unguja miaka ile walifika na Kiswahili mdomoni na Kiarabu cha kubabaisha, na wenyeji wakawacheka. Sokoni uliomba samaki kwa Kiarabu chako, muuzaji akakurudishia kwa kukuiga, na wenzake wakashika mbavu. Kiarabu cha Mwalimu kilikuwa kibaya kuliko cha wote. Alichanganya mwanamume na mwanamke, na dereva wa teksi mmoja alimshusha njiani kwa kudhani ametukanwa. Lakini alipofungua mdomo kwa Kiingereza, hata hao waliokuwa wakicheka walisimama wima. Nadhani ndiyo maana meza ile ikawa vile. Palikuwa mahali pekee Maskati ambapo yeye ndiye aliyekuwa na haki ya kuwatazama watu mpaka wajione.

Nilipopata nafasi ya kwenda Uingereza kusomea kazi ya maabara, Mwalimu alinipa semina ya wiki nzima. Nikaondoka nikiwa tayari kula na malkia. Nyumba niliyopanga ilikuwa ya karani wa benki na mkewe, na asubuhi ya kwanza nilikaa mezani mgongo wima, kitambaa pajani, nikaletewa bakuli la nafaka za boksi na maziwa ya baridi. Nilingoja. Hakikuja kingine. Nilipouliza kwa heshima juu ya yai, soseji na tungule, mke wa karani alitabasamu. Alisema ile ni staftahi ya mafundi na wachukuzi, inaziba mishipa ya moyo, wao huila labda wakiwa hotelini likizo.

Nikaenda kuitafuta. Niliikuta karibu na kituo cha mabasi, kwenye mkahawa wenye madirisha yaliyojaa mvuke. Walikuwemo madereva wenye makoti ya njano, mafundi wenye rangi kwenye viatu, mwanamke mmoja anayefagia barabara. Sahani zilikuwa zilezile za Mwalimu, yai lilelile, maharage yaleyale. Dereva aliyekaa mbele yangu alichukua mkate akauchovya kwenye kiini mpaka vidole, akazungusha, akala, akaniuliza kama nimepotea. Baadaye mwenzangu wa darasani, binti wa watu wenye mashamba na farasi, alinialika kwao, na huko nako nikaikuta, safari hii ndani ya vyombo vya fedha vyenye mifuniko. Basi nikafahamu. Kule wanaila wa juu kabisa na wa chini kabisa. Waliobanana katikati wanakula nafaka za boksi na kuhofia watu watasemaje.

Nilirudi na habari hiyo kama mtu aliyebeba zawadi. Nikamweleza Mwalimu, mkahawa, madereva, mkate uliochovywa.

"Uliingia mlango gani?" akauliza.

"Una mlango mmoja tu, Mwalimu."

"Basi uliingia usio." Akanimiminia chai, na mazungumzo yakawa ya hali ya hewa.

Lakini maneno yale hayakumtoka. Miaka ilipita, nikaolewa, nikazaa, na siku moja wageni walipoondoka nilibaki kumsaidia vikombe. Akaanza mwenyewe, uso kwenye maji ya sabuni. Alisema alipokuwa chuoni Uingereza alipanga kwa bibi mmoja, kwenye mji wa mvua na moshi, chumba chenye baridi inayoingia kwenye meno. Wiki nzima alikula mkate na jamu. Kila Jumamosi asubuhi bibi yule alimgongea, akamkalisha mezani kwake na kumpikia kila kitu, sahani imejaa. Alikuwa akipanda basi kwenda mtaa wa mbali kumtafutia soseji za ng'ombe, kwa sababu aliambiwa binti huyu hali za nguruwe.

"Ndiyo siku pekee niliyokuwa nikishiba," Mwalimu akasema. "Na ndiyo siku pekee niliyokuwa nikisemeshwa."

Nikamuuliza mume wa bibi yule alikuwa nani.

Alisuuza kikombe kimoja. Wageni alikuwa amezoea kuwaambia kwamba mume huyo alikuwa katika mambo ya usafirishaji. "Dereva," akasema. "Dereva wa basi."

"Na baba yangu ni dereva, Mwalimu."

"Najua."

Nilidhani Ijumaa ile wazazi wangu wataitwa. Hawakuitwa. Niliumia, na siku kadhaa nilipita njia ya mbali ili nisione mlango wake. Kama kuna mtu aliyestahili kukaa kwenye meza ile kwa haki ya kuzaliwa nayo, alikuwa ni Baba, na lori lake, na mikono yake yenye grisi isiyotoka. Mwaka haukwisha Baba akafariki. Mwalimu ndiye aliyekuwa wa kwanza kufika. Alivua viatu, akakaa chini kwenye mkeka na Mama, kisha akaingia jikoni na siku zote za matanga alisugua masufuria makubwa yaliyowashinda wasichana, bila kuonja kitu. Huyo huyo. Mpaka leo siwezi kuwaunganisha watu hao wawili wakawa mmoja.

Mambo yakageuka, kama yanavyogeuka. Wanawe wawili walifika juu, mmoja benki, mmoja mafuta, wakaoa wake wanaozungumza Kiarabu na Kiingereza, na Kiswahili wanakisikia tu Mwalimu akikasirika. Wake hao hawali kilichokaangwa. Siku hizi utajiri wa Maskati ni kula majani: parachichi lililopondwa juu ya mkate mweusi, yai lililotolewa kiini, maji yenye tango. Mwalimu aliangalia yai jeupe tupu kwenye sahani ya mkwewe na kuniuliza kwa Kiswahili, "Hili limeugua nini?"

Siku moja walimpeleka Bustan, kwenye hoteli kubwa, kumfurahisha kwa staftahi. Nami nilikuwamo. Pale staftahi ya Kizungu ilikuwa imejipanga kwenye masinia yenye mvuke, na watu walijitilia: maharage juu ya homosi ya Kiarabu, soseji kando ya tende, yai juu ya wali. Mtalii mmoja mwenye kaptula, ngozi nyekundu, alikuwa akisomba maharage kwa uma uliogeuzwa tumbo juu, kiwiko mezani. Mwalimu akaweka uma wake chini. Akajifuta midomo. Akamtazama. Mtalii akamtabasamia na kuendelea kusomba. Nilimwona Mwalimu akingoja, akingoja, na hakuna kilichotokea. Akamwita mhudumu, kijana wa Kikenya, akamuuliza kama yule ni Mwingereza kweli.

"Ndiyo, Madam. Wote hao wanatoka kwa meli."

"Haiwezekani," Mwalimu akasema.

Wageni wa Ijumaa wakapungua. Wengine walikufa, wengine sukari ilipanda na madaktari wakawakataza, wengine wana wao waliwapeleka Bustan. Kisha mwaka jana Mwalimu akapata kiharusi. Akanusurika, ulimi ukarudi, mguu ukarudi nusu. Mkono wa kushoto haukurudi. Siku hizi hulala pajani mwake kama kitu alichowekewa na mtu amshikie.

Tangu hapo hakualika mtu. Aliyekuwa akimhudumia, Akinyi, mwanamke wa Kisumu mwenye subira isiyokwisha, ndiye aliyenieleza. Ijumaa bado anataka sahani ileile, vyote vikamilike, meza itandikwe. Lakini bila mkono wa kushoto hawezi kukata. "Nikimwambia nimkatie anakataa," Akinyi akasema. "Anasema yeye si mtoto. Nikimpa fork peke yake anasema hiyo ni ya keki. Basi ananituma nitoke nifunge mlango, halafu anakula na mkono. Nikirudi amejipanguza, hataki kuonwa."

Basi ikawa hivyo kwa miezi. Halafu Alhamisi moja Akinyi akanipigia simu. "Mwalimu amesema mkuje kesho, saa tatu. Wewe na mama."

Nikadhani sikusikia vizuri. "Mama yangu?"

"Mama yako. Ameniambia nirudie mara mbili ndio usijifanye hujaskia."

Niliendesha gari mpaka kwa Mama nikiwa na furaha, na nusu njia ikaanza kunigeukia. Kwa nini leo? Miaka yote hiyo, na anaitwa sasa, meza ikiwa tupu, hakuna mkurugenzi, hakuna mke wa daktari. Nikaona sababu, na ilinichoma. Mbele ya watu wale Mwalimu asingekubali kuonekana akila kwa mkono. Mbele ya muuza vitumbua hapakuwa na cha kuonea haya. Nikaapa nitamwambia Mama asiende.

Nilimkuta jikoni. Sasa ni mtu mzima sana, macho yamefifia, vitumbua ameacha. Akinyi alikuwa amempigia kabla yangu. Mbele ya Mama palikuwa na sahani yenye yai la kukaanga, tungule na kipande cha mkate, na mikononi mwake kisu na uma vya wanangu. Alikuwa akikata. Kisu kulia, uma kushoto, viwiko ndani, sahani haitoi sauti. Akamaliza, akalaza kisu, akahamisha uma, akasema bismillahi. Mwalimu mwenyewe hakupata kuhama vizuri kama vile.

"Umejifunza wapi?" nikamuuliza.

"Kwako. Si ulikuwa ukinihadithia kila Ijumaa?" Akatafuna, akameza kwanza ndipo akaendelea. "Tulikuwa tukifanya mazoezi, mie na baba yako. Akiwa na zamu ya mchana, nyie mshakwenda skuli. Baba yako alikuwa hodari kunishinda. Tungule alilikata hata maji halitoi."

"Kwa nini?"

Akaniona mjinga. "Tukiitwa, tungekwenda vipi, hatujui kula?"

Sikumwambia lile nililokuja kumwambia. Nilikaa kwenye kiti na nikalia, na Mama akaniachia nilie, akamalizia yai lake.

Ijumaa alivaa kanga mpya chini ya buibui na akajipaka udi. Akinyi akatufungulia mlango wa mbele. Meza ilikuwa ndefu vilevile, sahani tatu zikiwa upande mmoja, kila kitu mahali pake, mkate umesimama. Mwalimu alikuwa ameketi kichwani mwa meza, mtandio umefungwa vizuri, mkono wa kushoto pajani chini ya kitambaa. Amekuwa mdogo. Walisalimiana kwa muda mrefu kama wanavyosalimiana watu wa mtaa mmoja, wakaulizana wazima na wafu.

"Haya, karibuni," Mwalimu akasema. "Kuleni. Mie nshakula."

Hakuwa amekula. Sahani yake ilikuwa kamili mbele yake, yai linatikisika, na alikuwa analitazama kwa pembe ya jicho. Nikaelewa kwamba nilimdhania vibaya, au nilimdhania sawa na ujasiri ukamwisha. Alituita ili ale na watu, na sasa hakuweza.

Mama alitandaza kitambaa pajani. Akashika kisu mkono wa kulia na uma wa kushoto. Nilikuwa nimengoja kuona kitu hicho tangu nina miaka kumi na minne. Mama akainua macho yake mabovu, akamtazama Mwalimu usoni, akashuka mpaka pale kitambaa kilipofunika mkono, akakaa hapo kidogo.

Kisha akaweka kisu. Akaweka uma. Akakunja mkono wa buibui, akasema bismillahi, akavunja mkate kwa vidole na kuuchovya ndani ya kiini, wote, mpaka kucha.

Mwalimu alikuwa anamtazama kwa lile tazamo lake, na mara ya kwanza katika maisha yangu nililiona halina ukali. Lilikuwa na mshangao, na halafu kitu kingine, kama mtu aliyekabidhiwa tena funguo zake.

"Kumbe mpaka leo hujui kushika uma," akasema.

"Sijui, Mwalimu," Mama akajibu, mdomo umejaa. "Nani wa kunifundisha?"

"Hebu muone." Sauti ilikuwa ileile ya darasani. "Basi usione haya. Leo tutakula hivyohivyo kwa ajili yako." Na mkono wake wa kulia ukatoka, ukamega mkate, ukaenda kwenye yai. Alikula kila kitu. Alikula hata ile nyama ngumu. Alipomaliza alilamba kidole gumba, akamwambia Mama, "Ijumaa uje. Nitakusomesha mwenyewe. Umri si kitu."

Mama huenda kila Ijumaa. Akinyi ananiambia somo linaanza kwanza: Mwalimu anaeleza, Mama anashika kisu upande usio, uma unamponyoka, Mwalimu anaguna, wanaahirisha mpaka wiki ijayo, wananawa, wanakula. Nimemuuliza Mama anaendeleaje na masomo. Amesema ni magumu, bado hajajua.